Udongo wa Kupeleka Machame

Mimi ni karani wa masjala. Naanza na hilo ili mtu aielewe vizuri aibu yangu. Katika ofisi yetu hapa Dodoma, faili likitoka lazima liwe na mtu aliyelitoa, na likirudi lirudi mahali pake. Mabosi wamekuja na kuondoka, na wote wanajua kwamba ukitaka ugomvi na Tumsifu, weka faili la likizo kwenye rafu ya uhamisho. Watu hunicheka, wanasema nimekosea kazi, ningefaa jeshini. Basi mtu wa namna hiyo, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, alikwenda makaburini na jembe, ndoo ya chokaa na msalaba mpya begani, akasimama katikati ya majani yaliyomfika kiunoni, na hakuweza kusema mume wake amelala wapi.

Fredy wangu alifariki mwaka ule wa El Nino. Dodoma hii ya vumbi ilinyeshewa mpaka vyura wakaingia jikoni. Reli ilizolewa, barabara ya Morogoro ikakatika vipandevipande, mabasi yakalala stendi. Katikati ya maji hayo homa ya mapafu ikamchukua mume wangu. Sasa kwetu Machame mtu hazikwi ugenini. Anarudishwa akalale kihambani, chini ya migomba ya baba yake, hapo walipolala na babu zake. Niliingoja barabara ifunguke mpaka watu wa mochwari wakaniambia, kwa upole kabisa, kwamba umeme nao umekatika na mama nisingoje zaidi. Nikamzika hapahapa, kwenye makaburi ya mtaa nyuma ya Ipagala, mvua ikitupiga usoni. Simu ya nyumbani ilipopatikana, mama mkwe alisema neno moja tu: "Umemtupa."

Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo tangu siku ile.

Shemeji Thobias, kaka mkubwa wa Fredy, ndiye aliyetoa maagizo. "Usimjengee kwa saruji. Ukimfunga kwa saruji umewapa Wagogo wa huko. Tutakuja kuchukua udongo wa kaburi lake, tuuzike nyumbani, na hapo atakuwa amerudi." Mimi ni mke wa watu, nikatii. Badala ya saruji nikamsimamishia msalaba wa mbao. Mbao, Dodoma! Aliyekaa mji huu anajua nasema nini. Mchwa wa hapa hawachagui, watakula mlango na wewe umeegemea.

Mwaka huu Thobias akatuma salamu kwamba anakuja. Angefika jioni ya Jumamosi kwa basi la kutoka Moshi, Jumapili asubuhi achukue udongo, Jumatatu arudi nao. Siku aliyoichagua ilikuwa ya maana. Sisi Walutheri asubuhi ya Pasaka tunaisalia makaburini. Tunakwenda jua halijachomoza, tunaimba katikati ya wafu wetu mpaka kupambazuke. Ndiyo maana Jumamosi watu hutoka na majembe kupalilia na kupaka chokaa, na ndiyo maana nami nilikuwa pale.

Nilikuwa na alama mbili: msalaba, na mwarobaini mkubwa uliokuwa karibu na kichwa cha kaburi. Msalaba mchwa walikuwa wameumaliza, umebaki unga. Mwarobaini, watu wa mkaa walikuwa wameukata na kisiki wameking'oa, na mvua zimesawazisha shimo. Nikageuka huku, nikageuka kule. Kila tuta lilikuwa kama jingine. Moja tu, mbele kidogo, lilikuwa safi, limezungushiwa mawe madogo, na bibi mmoja ameinama analifagia kwa matawi.

Nikalitambua palepale. Nikamwendea mbio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbukwenyi." Alikuwa Mgogo, hata kwa salamu yake, mwembamba, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani.

"Samahani mama, kaburi hilo unalofagia ni la mume wangu."

Akaninyanyulia macho, wala hakukasirika. "Hapana, mwanangu. Hili la mtoto wangu, Sila."

Ni kazi ngumu kugombana na mtu uliyekwisha kumwamkia shikamoo. Unakuwa umejifunga mdomo mwenyewe. Lakini nilijitahidi. Nikamwambia mama, umekosea. Akasema hajakosea, yeye anatoka kijijini Haneti kila anapopata nafasi kuja kulisafisha. Nikamwambia nami huja kila Pasaka; sikumwambia kwamba miaka ya karibuni nilisali na wengine langoni tu, aibu ya lile neno la mama mkwe ikanizuia kufika kaburini. Akasema, "Ndiyo maana hatujakutana, mimi Pasaka huwa nasali kwetu. Mwaka huu tu ndiyo nikasema nije nisali naye." Nikamuuliza, kwa sauti iliyoanza kupanda, nani aliyemwambia hili ni la Sila.

"Mwinjilisti Batholomeo alinionyesha kwa mkono. Akasema, la karibu na mti."

"Na mimi langu ni la karibu na mti!"

"Mti upi?"

Tukageuka wote wawili kuutazama mti. Hapakuwa na mti.

Kisha bibi, aliyeitwa Loisi, akanisimulia bila kuulizwa. Sila alikuwa kitinda mimba wake. Alikuja mjini kutafuta vibarua, akapata kubeba matofali kwenye nyumba zilizokuwa zikijengwa Nzuguni. Mvua zile zikamkuta na homa, akapelekwa hospitali, akafia huko. Haneti mito ilikuwa imefurika, hakuna aliyetoka wala aliyeingia. Habari zilimfikia mama yake kwa mdomo, mtoto alishazikwa zamani. Hakuona mwili, hakuona shimo, hakujua nani aliyekuwapo. Alichopewa ni tuta la udongo na kidole cha mwinjilisti.

Alipokuwa akisema, mimi nilianza kusikia baridi ya siku ile. Nikakumbuka kitu ambacho sikuwa nimekikumbuka hata mara moja. Tulipomaliza kumfukia Fredy, mwinjilisti alituomba tusiondoke. Kulikuwa na shimo la pili, karibu sana na la kwetu. Vijana wawili walimleta mtu amefungwa blanketi la kijivu, hana jeneza, hana ndugu. Mwinjilisti akasema jamani, huyu naye ni mtoto wa mtu, asizikwe peke yake. Tukasogea.

"Mama," nikamwambia, "mimi nilikuwapo."

"Wapi?"

"Kwenye maziko ya Sila. Ilikuwa siku moja na ya mume wangu. Tulisimama, tukaimba."

Loisi akaweka matawi chini. "Uliimba? Wewe?"

"Niliimba, mama. Meno yalikuwa yanagongana kwa baridi, lakini niliimba."

Aliushika mkono wangu wenye chokaa, akaupaka usoni kwake, machoni na mashavuni, chokaa na machozi vikachanganyika. Nilitaka kulia nikashindwa, maana akili yangu ilikuwa imekwisha kukimbilia kwingine. Kama mashimo yalikuwa mawili, na yalikuwa karibu, basi kaburi lile safi lina jirani. Nikafyeka majani ya upande wa kushoto, na kweli tuta lilikuwapo, limelala chini, limesahauliwa. Mawili, sambamba. Moja Fredy, moja Sila. Na mimi niliyesimama kwenye mazishi yote mawili sikujua lipi ni la nani.

Vibaya zaidi, sasa Loisi naye hakujua. Alikuwa amekuja na kaburi moja la uhakika, mimi nikampokonya.

Tulimwita mwinjilisti Batholomeo. Mzee yule ana imani ya kuhamisha mlima, na anajiamini kupita mlima wenyewe. Akafumba macho, akanyoosha mkono. "Mvua ilikuwa inatoka huku. Mimi nilisimama hapa. Jeneza liliingilia kule. Kwa hiyo marehemu Fredy ni huyu!" Akafumbua macho. Alikuwa ameelekeza kidole kwenye kaburi la saruji la bibi mmoja aliyezikwa kabla hata El Nino haijasikika.

Akashusha mkono polepole. "Mungu anajua," akasema.

"Najua Mungu anajua, mwinjilisti! Asiyejua ni shemeji yangu, na yuko njiani!"

Nilirudi nyumbani bila kupaka chokaa popote. Msalaba mpya niliulaza chini, kati ya matuta yale mawili, sikuwa na pa kuusimamisha. Kuluthumu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa nje anachambua mchele. Yeye ni Mrangi wa Kondoa, Mwislamu wa kuswali, na tuna mkataba wetu wa zamani: Idi mimi sipiki, Pasaka yeye hanipi nafasi ya kupika. Nikamwaga yote. Akasikiliza mpaka mwisho, vidole vikiendelea kutoa mawe kwenye mchele.

"Mchukulie udongo wowote," akasema. "Hilo safi si linapendeza? Simika msalaba wako hapo, umwambie ndiyo hili. Nani atamuuliza marehemu?"

"Na kama si yeye? Nimpeleke mtoto wa Kigogo akazikwe Machame, wakwe zangu wamlilie mgeni?"

"Basi sema kweli."

"Nikisema kweli, mama mkwe atakuwa amenishinda. Alisema nimemtupa. Mtu asiyejua alipomweka mume wake, si amemtupa?"

Kuluthumu akapuliza makapi. "Mimi nimekupa njia mbili, zote huzitaki. Ya tatu sina. Na ya kwanza nayo nakuondolea, maana wewe Mama Evodia ukisema uongo masikio yanakuwa mekundu. Shemeji yako ataona."

Thobias alifika magharibi, vumbi la Chalinze hadi Dodoma likiwa kwenye nyusi zake. Mtu mrefu, mzee wa kanisa, hacheki ovyo. Nilikuwa nimejiandalia maneno: shemeji, kuna jambo. Lakini hata maji hajanywa, akafungua begi akatoa kitambaa cheupe kipya, kimekunjwa, na ndani yake jani moja la sale, refu, kijani, bado bichi kwa sababu mtu alikuwa amelivingirisha kwenye ganda la mgomba lenye unyevu.

"Kitambaa ni cha kuwekea udongo," akasema. "Mama amekishona pindo mwenyewe. Na sale hili, amesema lisimikwe juu ya kaburi, kumwomba Fredy radhi kwamba tumechelewa."

Kwetu sale si jani tu. Ukimkosea mtu, hata kwa damu, ukimpelekea sale anakusikiliza. Nikalipokea kwa mikono miwili. Thobias akaendelea kunieleza kwamba shimo limekwisha kuchimbwa kihambani, pembeni ya baba yao, kwamba mchungaji ameandaliwa, kwamba binti yangu Evodia, anayesoma hukohuko kwa bibi yake, ameshonewa gauni. Mama mkwe amekuwa akikaa pembeni ya shimo lile tupu tangu lichimbwe, hataki kuondoka, anasema anamngojea mwanawe.

Niambie wewe, ningefungulia wapi mdomo? Nikampakulia ugali. Nikamwambia pole na safari.

Asubuhi tulitoka na giza jepesi. Watu walikuwa wengi njiani, wengine na taa za chemli, wengine wanaimba tayari. Makaburini tulisimama popote penye nafasi kati ya matuta. Kwaya ikaimba ule wimbo wa Pasaka ambao hata mtoto wa kunyonya anaujua, na kila mtu akaufungulia koo. Mimi nilikuwa nafumba na kufumbua mdomo tu. Moyoni nilikuwa nagombana. Na Mungu nilikuwa nagombana, nasema wazi. Nilimwambia: watu wote hapa wanafurahi, kila mmoja amesimama pembeni ya wake, na mimi niliyekutumikia, wangu umenichanganyia.

Mwinjilisti Batholomeo akasimulia habari ya wale wanawake waliokwenda kaburini alfajiri na manukato. Nimeisikia tangu utoto. Ila siku hiyo iliniingia sikioni tofauti kabisa. Walikwenda kufanya kazi ya kawaida, kumhudumia maiti wao. Wakafika, mambo hayako kama walivyoyaacha. Jiwe si pale, mwili haupo, na hakuna aliyewaeleza kitu wakakielewa. Hawakuruka kwa furaha, jamani! Walichanganyikiwa. Waliogopa, wakakimbia, na walipowaambia wanaume, wanaume wakasema hao wanawake wanapayuka. Nikasema moyoni, kumbe Pasaka ya kwanza ilikuwa hivi. Kumbe ilianza na wanawake wasiojua maiti wao yuko wapi.

Sisemi nilipata amani. Sikupata. Lakini niliacha kuona kwamba niko peke yangu pale, na koo likafunguka kidogo, nikaimba ubeti wa mwisho.

Jua lilipotoa jicho watu wakaanza kutawanyika, wanapeana mikono, wanaambiana amefufuka. Thobias akachukua jembe langu. "Haya shemeji. Lipi?"

Loisi alikuwa amesimama pale pale, na matawi yake mkononi. Alikuwa amelala kwa ndugu zake Ipagala, akaja mapema kuliko sisi. Akanitazama. Hakunisaidia wala hakunishitaki, alinitazama tu. Yale matuta mawili yalikuwa mbele yetu na msalaba umelala katikati. Nikanyanyua mkono. Kweli nilikuwa nimeuelekeza kwenye lile safi. Neno "hili" lilikuwa kwenye ulimi.

"Sijui, shemeji."

"Hujui nini?"

"Sijui lipi. Ni moja kati ya haya mawili. Msalaba umeliwa, mti umekatwa. Siku ile tulizika wawili. Huyu mama ni mama wa yule mwingine."

Thobias akanitazama kwa muda mrefu mpaka nikasikia masikio yakiwaka, ingawa safari hii nilikuwa nasema kweli. "Hujui," akarudia. "Mama yangu amekaa kwenye shimo, mimi nimepanda basi kutwa nzima, nafika hapa unaniambia hujui mdogo wangu yuko wapi."

"Wewe ndiye uliyekataa saruji!" Ilinitoka. Hasira yangu haijawahi kuomba ruhusa. "Ningemjengea, angekuwa na jina lake hapa mpaka leo! Na mimi ndiye niliyemzika, shemeji. Mimi. Kwa mvua ile. Ninyi mlikuwa wapi?"

Aligeuka kana kwamba nimempiga. Akatazama matuta. "Alikuwa na jeneza?"

"Alikuwa nalo."

"Na mwenzake?"

"Blanketi."

"Basi hakuna mjadala. Tunachimba moja. Tukikuta ubao, ni Fredy. Tukikosa, ni yule." Akavua koti, akalitundika kwenye msalaba wa jirani, akanyanyua jembe juu ya lile kaburi safi.

Loisi hakukimbia wala hakupiga kelele. Alisogea, akasimama mbele ya jembe, karibu kiasi kwamba Thobias alilazimika kulishusha.

"Chimba, baba," akasema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Mimi sikuzuii. Wewe unamtafuta ndugu yako. Lakini ukimkuta wangu, hana sanduku. Yuko hivyohivyo na blanketi lake. Utamfunika tena na nini?"

Jembe likabaki mkononi mwa Thobias.

"Mimi sikufika kumzika," Loisi akasema. "Maji yalinizuia. Huyu mwanangu ndiye aliyefika," akanigusa bega, "akaimbia wangu na wake. Mimi nisiyefika naona aibu kumlaumu kwamba hajui."

Thobias akaketi. Yule mtu mrefu, mzee wa kanisa, akaketi chini kwenye umande na suruali yake ya Jumapili. "Na mimi sikufika," akasema. Alikuwa anajisemea mwenyewe. "Nilikwenda stendi ya Moshi kila asubuhi. Kila asubuhi wananiambia njia haipitiki. Siku moja nikampiga mpiga debe. Mzee wa kanisa mzima." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nikarudi nyumbani, nikamwachia mama aseme alivyosema. Sikumkataza."

Ndiyo siku ya kwanza nilipojua kwamba hasira yake ya miaka yote ile haikuwa yangu. Nami nilikuwa nimeibeba bure. Nikaketi pembeni yake, na Loisi akaketi, tukawa watatu kwenye majani kama watu waliochoka kuvuna.

"Sasa nitamwambia nini mama?" Thobias akauliza.

Aliyejibu ni Loisi. "Si umesikia alichohubiri mwinjilisti? Siku ile watu wataitwa. Wataitwa kwa majina. Akiitwa Sila, ataitika Sila. Akiitwa wako, ataitika wako. Waliochanganyikiwa ni sisi. Wao wanajijua."

Alisema kama anavyoweza kusema mvua itanyesha, kwa kuwa wingu lipo. Na mimi niliyesoma Katekisimu, niliyekariri mambo ya ufufuo tangu kipaimara, ndipo nikasikia kitu kikilegea kifuani. Furaha niseme? Sijui kama ni furaha. Ilikuwa kama unapotafuta ufunguo nyumba nzima, halafu mtu anakwambia mlango haujafungwa.

Thobias akachukua jani la sale tulilokuja nalo. Nilidhani atalisimika kaburini kama alivyoagizwa. Badala yake akapiga goti, akalitoa kwa mikono miwili kwa Loisi.

Loisi akalipokea, akaligeuza, akalinusa. "Hii ni mboga?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka makaburini mpaka mbavu zikauma, na Thobias, ambaye hacheki ovyo, akacheka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya Fredy kabisa. Nikamweleza mama kwamba haliliwi, kwamba kwetu ni jani la kuomba msamaha. Akatikisa kichwa, akalichomeka kwenye kilemba chake juu ya sikio. "Basi nimesamehe," akasema. "Ila lingekuwa mboga lingefaa zaidi."

Thobias akakitandaza kitambaa cha mama yake. Akachota udongo wa kaburi la kulia, akachota wa kushoto, akachanganya kwa mkono wake. Hakuniuliza, nami sikumuuliza. Loisi alimtazama kwanza, kisha akafungua ncha ya kanga yake. "Na mimi nitie," akasema. "Hivyohivyo, wote wawili. Haneti nako kuna mahali pa kulala."

Alimtilia. Loisi akaifunga ncha ile kwa fundo, kisha akakiinamia kitambaa cheupe kilichokuwa magotini mwa Thobias, akakipapasa.

"Sila," akasema, kwa Kiswahili, ili wenyeji wa Machame wasikie, "unakwenda ugenini. Hujawahi kupita Dodoma wewe. Ukifika amkia wazee, na usiwachoshe watu. Mama wa huko amekaa anangoja, mwambie shikamoo."

Thobias alikuwa analia bila kujificha. Na mimi nikaligusa lile fundo la kanga, dogo kama yai, nikaona nisipolisema sasa sitalisema tena. Fredy alikuwa mtu wa kushauri. Alimshauri fundi, alimshauri daktari, alimshauri hata mchungaji.

"Fredy," nikamwambia, "nawe huko Haneti, nakuomba, usianze kuwafundisha watu kulima."

Loisi akalishika fundo lake akalisogeza sikioni, akasikiliza kidogo, kisha akaniambia, "Anasema amesikia."

Tukausimamisha msalaba palepale ulipokuwa umelala, kati ya matuta mawili. Kutoka mtaani harufu ya pilau la Kuluthumu ilikuwa imeanza kutufikia.